Hadhi ya uanachama wa hoteli au kadi ya kurudishiwa pesa?

Kwa wasafiri walioko Marekani ubishi huu hauishi. Kwa gharama, kadi inatangulia. Ofa za Amex (kampuni ya kadi ya American Express), kwa mfano, ziko wazi: tumia kiasi fulani kwenye hoteli fulani, sehemu ya pesa inarudi kwenye akaunti. Ila ofa uiongeze kwenye kadi kabla ya kulipa. Ukisahau, imekula kwako. Na ukibeba deni mwezi hadi mwezi, riba inameza faida yote.

Hadhi, yaani daraja unalopewa na hoteli kwa kulala kwao mara nyingi, inadai uvumilivu. Daraja la Platinum la Marriott Bonvoy, mpango wa wanachama wa hoteli za Marriott, hutaka usiku 50 kwa mwaka, na ukiweka nafasi kupitia tovuti za mawakala, kwa kawaida usiku huo hauhesabiwi. Ukishafika, kifungua kinywa ndicho chenye thamani hasa, ingawa si kila chapa inakitoa. Kuhamishiwa chumba kikubwa? Hutegemea nafasi. Mji ukijaa wageni wa kongamano, utapewa kilekile ulicholipia, pamoja na tabasamu la mapokezi.

Katika utunzaji, zote zina usumbufu: hadhi huisha usipolala tena usiku wa kutosha, kadi nyingine zina ada ya mwaka. Kadi ya Amex Platinum huunganisha yote, maana mwenye nayo anaweza kuomba daraja la Gold la Hilton na Marriott bila kulala popote, lakini ada yake si mchezo.

Kama mwajiri ndiye anayekulipia safari, fuata hadhi. Kama unalala hotelini likizo tu na familia, kadi isiyo na ada inakutosha.