TAHADHARI: "Nyuma hakuna kazi" – matairi yaliyochongwa yanauzwa Kampala

Wenye magari madogo, hasa sisi wa njia ya Kampala–Busia, someni hii kabla hamjanunua tairi la mtumba.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Kampala na Premio yangu. Matairi ya mbele yalikuwa yamebaki kipara, ya nyuma bado yana meno mazuri. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ndivyo lilivyo: injini iko mbele, usukani mbele, breki nyingi mbele, basi mbele huisha kwanza. Nikaingia kwa muuzaji mmoja kando ya barabara. Akanitolea jozi ya saizi 195/65R15, nyeusi tititi, shilingi 120,000 kila tairi, na kuzungusha matairi ni bure. Hiyo bure ingenishtua, lakini nilikuwa na njaa. Akanituma nikale rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, vijana wake wakimaliza kazi.

Niliporudi, matairi yangu mazuri ya nyuma yalikuwa yamehamia mbele, na yale niliyonunua yako nyuma. Nikauliza sababu. "Mzee, nyuma hakuna kazi, yanafuata tu." Vipara vyangu viwili akasema ni takataka, atanitupia yeye. Nikashukuru, mjinga mimi.

Mvua ilinikuta kwenye msitu wa Mabira, njiani kwenda Jinja. Nimepita Najjembe, sina mwendo mkali, kwenye kona moja nyuma ya gari ikatoka nje kama inataka kunipita. Usukani haukuniambia kitu. Bahati hakukuwa na lori linalokuja.

Huo uongo wa "nyuma hakuna kazi" unaaminiwa na madereva wengi, hata wazoefu. Tairi la mbele likipoteza mshiko kwenye maji, unalihisi: usukani unakuwa mwepesi, unaachia mafuta, gari linapungua mwendo na kurudi njiani. La nyuma likiteleza, gari linazunguka, na ukija kujua tayari unatazama ulikotoka. Ndiyo maana ukinunua mawili mapya yanafungwa nyuma, na yaliyolika kidogo yanakaa mbele, hata kama gari linavutwa na mbele. Kwa hiyo mpangilio wa yule bwana ungekuwa sahihi kabisa, kama alichoniuzia kingekuwa tairi zima. Yeye aliyaweka nyuma kwa sababu huko hakuna anayechungulia.

Jinja nikamwomba fundi wa pancha anyanyue gari kwa jeki. Alipitisha kidole kwenye mitaro ya tairi mara moja tu akacheka. Yamechongwa. Wanachukua kipara, wanakata mitaro upya kwa kisu cha moto, kisha wanapaka rangi nyeusi. Matairi ya malori mengine hutengenezwa na mpira wa akiba chini ya mitaro na huandikwa REGROOVABLE ubavuni. Hayo kuchongwa ni halali yake. Tairi la gari dogo halina akiba hiyo. Mtaro mmoja wa langu ulikuwa umefika karibu na waya.

Alinionyesha pa kutazama. Ubavuni kuna herufi TWI au pembetatu ndogo. Fuata hapo hadi ndani ya mtaro, utakuta kivimbe cha mpira chenye urefu wa milimita 1.6. Meno yakilingana nacho, tairi limekufa. Kwenye langu vivimbe vilikuwa vimekatwa na kisu, na mitaro haikuwa na kina kimoja. Kisha tafuta namba ya DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, mfano 3817 ni wiki ya 38 ya mwaka 2017. Mara nyingi huandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo uliza kuona pande zote mbili kabla halijafungwa kwenye rimu. Langu namba ilikuwa imesagwa.

Kuzungusha kwenyewe si utapeli, ni jambo jema ukilifanya mapema, kila kilomita 10,000 hivi: ya mbele yanarudi nyuma moja kwa moja, ya nyuma yanakuja mbele kwa kupishana kushoto na kulia. Yenye mshale ubavuni hayapishani, yanabaki upande wake. Ukingoja hadi mbele kuwe kipara, usiyazungushe hayo kwenda nyuma. Nunua. Wenye Subaru zinazovutwa na magurudumu yote muda wote, nyinyi mnahitaji manne yanayolingana, la sivyo mtaua difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.

Piga picha za namba za matairi yako kabla fundi hajagusa gari, halafu usiende kula. Mimi picha nilikuwa nazo kwa bahati, nilipiga siku nyingi kidogo kabla ya hapo nilipokuwa nikiulizia bei. Alhamisi iliyofuata nilirudi dukani kudai. Baada ya kelele nyingi nilirudishiwa 100,000 kati ya 240,000. Na pale ukutani lilining'inia tairi moja lenye mitaro mipya na rangi inayong'aa, namba yake 4116, ubavuni limekwaruzwa na ukingo wa barabara. Ni langu, mojawapo ya yale ya kutupwa. Pacha wake alikuwa ameshauzwa. Kama umenunua 195/65R15 siku hizi Kampala, tafadhali inama uangalie nyuma ya gari lako leo.