Shimesikio za wastaafu wa jeshi: nenda, lakini rudi mara ya pili

Nilitumikia mizinga miaka 11, kazi yangu kupakia. Mpakiaji husimama pale pale karibu na chuma kila kinapofyatuliwa, na vizibo vya masikio tulivyogawiwa viliishia mfukoni kwa sababu ukivivaa husikii amri. Leo nina shimesikio mbili, yaani vifaa vya kusaidia kusikia, moja kila upande, nilizopewa bure na huduma ya afya ya askari wastaafu. Nina miezi saba nazo. Kabla hujaanza safari hiyo, soma haya.

Aliyenisukuma kwenda ni mjukuu wangu. Alininyooshea kikombe akasema, "Babu, shika." Mimi nikasikia "fika". Nikamuuliza, "Nifike wapi?" Akacheka mpaka akamwaga maji. Mke wangu hakucheka. Alikuwa amechoka kurudia kila neno mara tatu, na mimi nilikuwa nimechoka kumlaumu kwamba ananong'ona.

Nianze na karatasi, maana ndiko nilikopotezea muda. Fomu ya madai ina kisanduku kimoja kilichoandikwa "tarehe ya ajali". Karani, kijana mpole asiye na makosa, akaniuliza, "Mzee, uliumia lini?" Nikamwambia sikio halivunjiki kama mguu. Ndani ya kila sikio mna chembe kama 15,000 zenye vinyweleo vinavyopokea sauti, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Mlio wa ghafla unaozidi desibeli 140 unaweza kuziua hapo hapo, na bunduki ya kawaida ya askari inavuka kiwango hicho, sembuse mzinga. Sasa niandike tarehe gani, wakati nilipakia kwa miaka? Nikabana tarehe mbili kwenye kile kisanduku, ya kuanza na ya kumaliza. Wiki sita baadaye fomu ikarudi na muhuri: haikujazwa ipasavyo.

Wakataka pia barua za mashahidi wawili wa kikosi kile kile. Mmoja nilimpata kwa simu, tukapiga kelele kweli kweli kwa sababu naye hasikii. Wa pili alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, ikabidi nitafute mwingine. Halafu faili langu la matibabu likaonekana, na ndani yake mna mstari ulioniponza: siku naaga jeshi, daktari aliniita kutoka nyuma hatua chache, nikageuka, akaandika "usikivu mzuri". Kipimo chote kilikuwa hicho. Mstari huo mmoja ulinichelewesha miezi minne.

Wala hili la kubebeshwa mzigo wa ushahidi si la ofisi moja tu. Uingereza, aliyeumia jeshini tangu tarehe 6 Aprili 2005 ana miaka 7 ya kuwasilisha madai yake, na sikio linaweza kukaa muda mrefu kuliko huo kabla mwenyewe hajakubali kwamba limekufa. Marekani walijaribu njia nyingine kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani: sheria yao ya PACT ya mwaka 2022 imeorodhesha magonjwa kadhaa ambayo, ukiwa ulikuwa maeneo yaliyotajwa na unaumwa, yanahesabiwa kuwa yametokana na utumishi. Mgonjwa hahangaiki kuthibitisha chanzo. Kwa mtu aliyekaa nyuma ya mzinga miaka 11 mimi naona ingefaa iwe hivyo hivyo.

Baada ya karatasi, mambo yakabadilika kabisa. Nikaingizwa kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, nikavishwa visikizi, nikapewa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Ukimya wa mle ndani ulinitisha, kwa sababu ndipo nilipousikia vizuri ule mlio wangu mwenyewe wa masikioni, kama nyenje asiyelala. Nilipotoka, mtaalamu wa usikivu, mama wa makamo, akanionyesha mchoro. Mstari unakwenda tambarare, ukifika hezi 4,000, yaani kwenye sauti nyembamba, unatumbukia, kisha unapanda kidogo. "Afande, unaona hili bonde?" akaniambia. "Nikiliona hili, siulizi mtu alifanya kazi gani."

Akanieleza na habari ya "shika" na "fika". Irabu, yaani a, i, u na wenzake, ziko chini kwenye sauti nzito, ndiyo maana nilikuwa nazisikia na kudhani masikio ni mazima. S, sh na f ziko juu, mle mle bondeni. Kwa hiyo nilikuwa nasikia watu wanasema ila sijui wanasema nini. Dakika tano zile zilinisaidia kuliko barua zote nilizowahi kuandikiwa.

Kifaa chenyewe sina ugomvi nacho. Kinakaa nyuma ya sikio, bomba jembamba linaingia kwenye kipande cha plastiki kilichotengenezwa kwa umbo la sikio langu. Kinatumia betri ndogo za namba 13, zile za kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukibandua, usiifungie hapo hapo. Iache kama dakika moja ipate hewa, ndipo itadumu. Jambo hili sikuambiwa, nilimaliza pakiti nzima kwa wiki mbili nikidhani nimepewa betri mbovu.

Ila siku ya kwanza ilikuwa balaa. Karani alipofungua faili, karatasi zililia kama mtu anachana mabati. Hatua zangu mwenyewe zikawa zinanifuata. Nyumbani nikazivua zile shimesikio, nikazitia kwenye droo, zikakaa siku tisa. Najua wastaafu watatu ambao zao ziko kwenye droo mpaka leo, na ukiwauliza watakwambia serikali imewapa takataka.

Mimi nilirudi kwa bahati tu, nilikwenda kudai betri. Yule mama akaniona sijazivaa. Akanikalisha, akaingiza kijibomba chembamba kama uzi ndani ya sikio, kifaa kikiwa mahali pake, akapima sauti inavyofika kule ndani kwenyewe. Akashusha hiki, akapandisha kile, akachakacha karatasi mbele yangu na kuniuliza, "Na sasa?" Tulikaa karibu saa nzima. Akaniambia nivae kila siku hata kama sipendi, kwa sababu ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzoea sauti ulizozisahau. Ziara hii ya pili ni haki ya kila mstaafu, lakini haijaandikwa kwenye barua yoyote niliyopewa. Uombe mwenyewe.

Kuna mambo shimesikio hazitayafanya. Ule mlio haujaondoka, na hakuna dawa inayouondoa. Nikivaa unafunikwa kidogo na sauti za nje, usiku nikivua unarudi. Wenzetu wa Marekani huhesabiwa asilimia 10 ya ulemavu kwa mlio huo, uwe wa sikio moja au yote mawili, na ndio ulemavu unaolipiwa wastaafu wengi zaidi kuliko mwingine wowote. Kwangu mimi ulipewa sifuri, kwa maelezo kwamba haupimiki. Nimekata rufaa. Kwenye kundi la watu wengi nako bado napotea. Siku hizi nachagua kiti cha kupa ukuta mgongo ili niwe na upande mmoja tu wa kusikiliza. Na katika ziara zote hizo hakuna aliyeniuliza ninalalaje usiku, jambo ambalo kwa askari mstaafu lingepaswa kuwa swali la kwanza.

Vifaa nawapa nyota nne. Yule mama apewe tano, na ya sita kama ipo. Karatasi nawapa moja, na hiyo moja ni ya yule kijana aliyenisaidia kujaza fomu upya wakati wa chakula chake cha mchana.

Nimebakiwa na betri nne. Kesho nakwenda kuchukua nyingine, na kwenye mkoba nimeweka nakala mbili mbili za kila kitu.