Nimeapdeti pleya ya muziki wiki ya Krismasi, haya ndo yaliyonikuta

Mi ni kinyozi, saluni yangu ipo Kiboriloni hapa Moshi, sio mbali na kule kwenye mitumba. Kama umewahi kukaa Moshi mwezi wa Desemba unajua naongelea nini, kuanzia tarehe 20 watu wote wa Dar, Mwanza, sijui Mbeya wanapanda nyumbani na kila mwanaume anataka kichwa kikae sawa kabla hajaonekana kanisani. Benchi linajaa saa 1 asubuhi linaisha saa 4 usiku. Sasa ndo wiki hiyo hiyo mi nikajifanya mjanja nikaapdeti pleya ya muziki. Jina lake siliweki hapa, ni moja ya zile za bure zenye matangazo, nimekaa nayo miaka 4 bila ugomvi.

Niwaambie kwanza ninavyoitumia ili mjue kwanini nimelalamika. Ile simu ya saluni ndo redio, imechomekwa waya kwenye sabufa, na simu hiyo hiyo ndo ina laini ya kupokelea hela za wateja (hii ya hela shikeni, tutairudia). Ndani kuna memori kadi ya GB 64, nyimbo kama 2,300, zote nimezipanga kwa mkono wangu kwenye folda. ASUBUHI ni kwaya. WAZEE ni rumba na dansi la zamani. CHUGA ni hip hop ya Arusha. VURUGU ni singeli. Halafu kuna JPILI ambayo ni mchanganyiko. Nyimbo zenyewe zimetoka kila mahali, kuna za kibandani kwa wale wanaoingiza nyimbo kwenye fleshi, kuna za wateja, kuna za kaseti za marehemu mzee ambazo jamaa mmoja alinihamishia, kwa hiyo majina ni vituko, Track 07, AudioTrack 12, msanii Unknown, nyingine msanii ni jina la tovuti iliyopakuliwa. Haikuwahi kunisumbua maana mi siangaliagi jina, naangalia folda basi.

Asubuhi ya tarehe 22 nafungua pleya, folda hakuna. Hakuna kabisa. Ukurasa wa mbele umejaa mapicha makubwa ya rangi, sijui nyimbo ulizosahau, sijui za kukupa nguvu, za kutulia. Nani amekwambia nataka kutulia? Naingia kwenye wasanii nakuta msanii mkubwa kuliko wote kwenye simu yangu anaitwa Unknown, ana nyimbo 1,640, huyo bwana amefanya kazi kwelikweli. Kumbe toleo jipya halijali faili limekaa folda gani, linasoma tagi, yale maandishi yanayofichwa ndani ya faili la wimbo, jina la msanii, albamu, mwaka, na mi tagi zangu ndo hizo takataka. Kwenye kiti nina mzee wa kanisa wa Kilutheri, nimeshamfunga kitambaa, nikasema ngoja nibonyeze tu hapo pa kuchanganya, Mungu atasaidia. Ikapiga singeli. Saa 1 na nusu asubuhi. Mzee hakusema kitu ila alinitazama kwenye kioo, mashine mkononi, nikaona aibu mpaka ya ukoo.

Folda nilikuja kuzipata mchana, dogo mmoja anasoma pale Chuo cha Ushirika akaninyang'anya simu, akaingia setingi, akaenda kwenye maktaba, kuna sehemu ya kuchagua tabo zipi zionekane, akatiki folda akaivuta ikakaa ya kwanza. Haikufika dakika. Sasa we mtengenezaji kama kitu kipo kwanini unakificha? Wateja wako wengi wanaotumia pleya ya nyimbo zilizo kwenye simu ni watu kama sisi, ambao bando hatulichezei, na tunapanga mafolda. Mwenye tagi nzuri na albamu zenye picha alishahamia kwenye kusikiliza mtandaoni siku nyingi.

Haya, sasa kitu kizuri, maana kipo na nisipokisema nitakuwa mnafiki. Wameweka kusawazisha sauti. Kwenye setingi imeandikwa ReplayGain, na dogo anasema sio kitu kipya, kipo tangu 2001, ila pleya yangu ilikuwa haina. Iko hivi. Nyimbo za zamani, zile zilizorekodiwa kwenye tepu za RTD, ile Redio Tanzania ya zamani, halafu zikapita kwenye kaseti mara tatu ndo zikafika kwangu, sauti yake iko chini. Nyimbo za saivi studio wanazikandamiza mpaka juu kabisa ili zigonge. Kwa hiyo ukitoka kwenye wimbo wa 1978 ukaingia kwenye wa mwaka jana ni kama mtu amekupiga kofi. Kwa mtu aliyekaa sebuleni ni kero ndogo. Kwa kinyozi ni hatari jamani! Mara ngapi nimeshika mstari wa mbele wa mtu, wimbo unabadilika, sabufa inalipuka, mteja anashtuka na kichwa kinasogea, na mstari wa mbele ukishaharibika unajua hakuna dawa, ni kuurudisha nyuma tu mpaka jamaa aonekane ana uwaraza. Nilikuwa naacha mashine nakimbilia simu kupunguza, wimbo ukiisha nakimbia tena kuongeza. Siku nzima.

Hii kitu inavyofanya kazi, inasikiliza kila wimbo mara moja, inapima ukubwa wa sauti, inaandika namba pembeni kwenye tagi, basi. Wimbo wenyewe haujaguswa, ila pleya ikija kuupiga inasoma namba inashusha au inapandisha. Nikaiacha ipime nyimbo zote usiku, simu ikiwa kwenye chaji, na ikapata moto ule wa kukaangia yai, asubuhi nikakuta imemaliza. Kuna kisehemu cha kuzuia sauti isipasuke, kitiki hicho, maana zile za zamani ikizipandisha sana zinaanza kukwaruza. Tangu siku hiyo mi mkono wangu hautoki kwenye kichwa cha mtu. Kwa hili tu ningeweza kuwasamehe yote, kama isingekuwa kilichotokea tarehe 23.

Tarehe 23 jioni saluni imejaa mpaka mlangoni, nimeweka folda ya WAZEE ila kumbe kidole kimegusa pale mbele kwenye zile za kuchanganya, sijajua, rumba inaenda vizuri tu. Wimbo unaisha. Kimya kidogo. Halafu kwenye sabufa, kwa sauti iliyosawazishwa vizuri kabisa, anatoka baba mdogo wangu: "Nasema hivi, kuna watu kila mwaka kwenye huu ukoo wanakula nyama ya mchango ambao hawajatoa." Nikaganda. Ile ni odio alituma kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, dakika 4, watu wakaifowadi huku na huku, simu ikaihifadhi kama AUD na namba zake, na pleya mpya kwa akili zake ikaona hii nayo ni muziki. Naangalia simu iko kule kwenye kabati, kati yangu na kabati kuna watu kumi na mbili na miguu yao. Baba mdogo anaendelea, anataja majina mmoja mmoja, nani ametoa nani hajatoa, na mi jina langu lipo, la tatu kwenye ambao hawajatoa. Nilivyofika kwenye simu ameshalitaja. Saluni nzima ikaangua kicheko, jamaa mmoja kwenye benchi akasema "mangi, kumbe tunakaa na mdaiwa hapa", mwingine akasema aachiwe aendelee bado anataka kujua ng'ombe alinunuliwa au hakununuliwa.

Kwa hiyo kama unayo pleya ya namna hii, kabla hujafanya kitu kingine chochote nenda kwenye setingi sehemu ya folda za kuficha, tafuta folda ya WhatsApp Audio, ifiche. Kuna chaguo lingine la kuruka mafaili mafupi, la kwangu lilikuja limewekwa sekunde 30, hilo linasaidia kwa milio ya simu, ila baba mdogo hajawahi kuongea sekunde 30 maishani mwake.

Kuunganisha nyimbo nako kuna mawili na watu wanayachanganya. Kuna ile ya wimbo kuyeyukia kwenye mwingine, huu unazama huku ule unaibuka, na apdeti ilikuja imeiwasha yenyewe sekunde 6. Vijana waliipenda, waliona saluni imekuwa kama ina didjei. Ila nina mzee wangu mmoja, mstaafu, anakuja kila Jumamosi kunyoa ndevu na kiukweli ndevu ni kisingizio, anakuja kusikiliza rumba. Akakaa akasikiliza nyimbo mbili, akaniuliza, "Kijana, huyo mpiga solo anafukuzwa na nani?" Na kweli, sebene ndo limefika penyewe, gitaa linaaga, sekunde 6 za mwisho zinamezwa na wimbo mwingine. Nikaizima, na nikasema shikamoo ya pili.

Ya pili ndo tamu, ile ya kutoa pengo, nyimbo mbili zinafuatana bila kimya katikati. Mzee ndo alinielewesha umuhimu wake bila kujua jina lake. Anasema zile santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja ulikuwa unaingia dakika nne tano hivi, sasa rumba ya dakika nane wanaiweka wapi? Wanaikata, kuimba upande wa kwanza, sebene upande wa pili, unageuza sahani. Ndo maana kwenye folda yangu nina nyimbo kibao zimeandikwa sehemu ya 1 na sehemu ya 2. Nilikuwa najua hivyo ndo zilivyo. MP3 nayo inaongeza pengo lake, kwa sababu inakata sauti vipande vipande vyenye urefu uleule, wimbo hauishi sawasawa mwisho wa kipande kwa hiyo inajazia kimya. Pleya nyingine hazijui kukiondoa, hii sasa imejua. Tukaweka sehemu ya 1 na ya 2, mwimbaji anamaliza na gitaa linadaka hapo hapo, mzee akapiga paja. Sio zote zinakubali, kuna ambazo jamaa wa kaseti aliacha ule mkwaruzo wa sindano mwishoni, hapo pleya haina kosa, ni jamaa.

Ikwalaiza imeongezwa kutoka vitufe 5 hadi 10, watu wa bodaboda wamefurahi sana, kila mmoja anaomba nimuongezee besi. Mmoja alileta wimbo wake akitaka ugonge kama wa klabu, naangalia faili, dakika 3 kwa MB 1.4, yaani kilobiti 64 kwa sekunde. Ndugu yangu hapo hakuna besi ya kuongeza, ilishatupwa zamani na aliyeibana hiyo faili, unaongeza muungurumo tu. Angalau za 128, zile za MB 1 kwa dakika.

Mashairi ya nyimbo sikuyatumia, yanavutwa mtandaoni yanakula bando na wimbo wa kwaya ya hapa Kilimanjaro hayawezi kuupata. Kipima muda cha kulala, nalala nimechoka hata bila kipima.

Matangazo sasa. Zamani yalikuwa kikanda chini, saivi ukigusa skrini linajaa lote na lina sauti, na juzi likatokea la kubeti katikati ya kwaya, mama mmoja aliyeleta watoto akaniuliza hii ni saluni ya namna gani. Dogo wa Ushirika akasema nihamie VLC, ile yenye koni la barabarani, haina tangazo hata moja, imeanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka 1996 na mpaka leo ni bure. Nimeiweka, folda zangu imezisoma zote bila kuuliza maswali. Naitumia asubuhi kwa ajili ya kwaya, usalama kwanza.

Nyota nimewapa 3. Moja wameipoteza kwenye folda, nyingine ni matangazo pamoja na hili la mwisho ambalo bado sijapata pa kulizima. Kila meseji ikiingia muziki unazama kidogo, halafu unarudi. Dogo anasema ni Android yenyewe inafanya hivyo, ila pleya ya zamani ilikuwa na kitufe cha kukataa na hii mpya wamekitoa. Sasa simu ndo hiyo ya kupokelea hela, Desemba, kila kichwa kinacholipa muziki unazama, wateja wameshajua maana yake, wanaitikia "imeingia hiyo" kwa pamoja kama kwaya. Tarehe 24 mchana nikajificha nyuma ya pazia na simu, nikamtumia baba mdogo mchango wake. Meseji ya muamala ikaja, muziki ukazama, na nilivyotoka benchi zima lilikuwa linaniangalia linacheka.