Farasi nampa nyota tano, dada wa mapokezi hata nusu nyingi

Nianze na yule dada wa mapokezi, maana hadi leo nikimkumbuka napaliwa na chai. Majuzi, shule zikiwa bado zimefungwa, tulitoka Njoro mimi na binti yangu wa miaka 9, matatu mbili na boda juu, tukafika Lanet, pale watoto wanapopandishwa farasi, tumechelewa dakika kumi. Dakika kumi! Dada hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mmechelewa. Na huyo mtoto na sandali zake hapandi." Salamu hakuna, karibu hakuna. Pesa yangu walikuwa nayo wiki nzima, na mesaji yao haikutaja viatu popote.

Sawa, kiatu kisicho na kisigino huteleza kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, mguu unanasa, farasi akishtuka mtoto anaburutwa. Hayo nilielezwa baadaye na saisi, yaani mtunza farasi, mzee mmoja mpole. Yeye aliweza kueleza, huyo dada alishindwa na nini?

Nilikuwa nishageuka niondoke, mtoto analia, mzee akaita, "Mama, ngojeni. Kama hapandi, si amsugue?" Akampa brashi.

Farasi ni jike, zamani alikimbia mashindano Ngong, akauzwa, akauzwa tena, mwisho akapatikana kwenye ploti amefungwa kamba, mbavu nje. Mgongoni ana mabaka meupe mawili. Binti yangu akauliza kama alizaliwa nayo. "La, tandiko baya lilimla. Kidonda kikipona manyoya hurudi meupe." Mtoto akanyamaza, akaanza kusugua akizunguka yale mabaka, hayagusi. Farasi kwanza alilaza masikio nyuma, nikashika roho. Kisha akapumua kwa nguvu, akashusha kichwa, mdomo wa chini ukaning'inia kama wa babu aliyesinzia. Na huyu mtoto wangu, ambaye wageni wakija hujificha jikoni, akamsimulia farasi mambo ya mwalimu wake wa hesabu. Nusu saa nzima.

Nilikuwa nimeapa kuandika: msiende. Na tulipotoka dada akaongeza, bila kuulizwa, "Pesa hairudi." Msiende kabisa!

Ila kama mtoto wako ni mwoga, nendeni, mpite moja kwa moja hadi kwa mzee. Sisi buti za kisigino nimezipata mtumba, mia nne. Jumamosi nitafika saa mbili na nusu, nikae mbele ya ile meza, nimtazame tu.