Masiku matatu ndani ya gari-nyumba, Wabasha kando ya Mississippi: uzoefu wangu

Mama yangu alikuja Minnesota kututembelea mwezi wa saba, na ilipofika Septemba alikuwa ameshachoshwa na maduka makubwa. "Mwanangu, hii Marekani yenu haina kijiji?" Mume wangu akaona mlango umefunguka. Tangu enzi za korona alikuwa na hamu ya kukodi gari-nyumba, lile wenyewe wanaloliita RV, na kwenda kulala kando ya mto.

Mama alipoambiwa kwamba ndani ya gari mna vitanda, jiko, friji na choo, alinyamaza kidogo.

"Choo. Na kinachotoka humo chooni kinakwenda wapi?"

Kinakaa kwenye tangi, Mama, chini ya gari.

"Yaani mtasafiri nacho."

Tulisafiri nacho. Tangu turudi nimeulizwa habari za safari hii na majirani wawili na mashemeji wasio na idadi, wacha niandike mara moja niwe nimemaliza.

Nianze na pesa, maana ndipo nilipoumia. Tangazo lilisema dola 139 kwa usiku. Masiku matatu ni 417, na 417 ndiyo niliyompelekea mume wangu kwenye simu kwa furaha. Nilipofika ukurasa wa kulipa nikakuta maandalizi ya gari 125, bima 105, ada ya huduma 80, vyombo na mashuka 60 (tulikuwa na vyetu, lakini kisanduku hicho hakikukubali kuondolewa), halafu kodi juu ya yote. Tukatoka na 857. Kando ya hizo, dola 750 zikazuiwa kwenye kadi kama amana. Kambi nayo ilikuwa dola 58 kwa usiku, petroli ikala kama 75. Jumla yake, bila chakula, ni kama 1,100. Kwa pesa hizo tungelala vyumba viwili vya hoteli na chenji ikabaki. Asikudanganye mtu kwamba hii ni njia ya kubana matumizi.

Kuliendesha si kazi kubwa kama tulivyoogopa. Letu lilikuwa la futi 25, injini ya Ford, na leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha. Shida ni mkia. Magurudumu ya nyuma yako mbele ya mwisho wa bodi, kwa hiyo ukikata kona kulia, tako la gari linaruka kushoto. Mume wangu alijifunza hilo kwenye kituo cha mafuta, kwa pipa la taka, na pipa ndilo lililoumia. Kwenye kioo cha mbele kuna kibandiko kinachosema futi 11 na inchi 6. Kisome kila unapoona paa lolote mbele yako, hasa hizo njia za kununulia chakula ukiwa ndani ya gari.

Barabara ya 61 kutoka mji wa Red Wing kwenda chini ndiyo iliyomfanya Mama aache kushika kiti. Mto Mississippi unapanuka hapo ukawa ziwa, Ziwa Pepin, karibu kilomita 35 kwa urefu, nalo liko mkono wako wa kushoto, huku vilima vya mawe vimesimama pande zote mbili. Sababu ya ziwa hilo ni mto mwingine, Chippewa, unaoingia kutoka jimbo jirani la Wisconsin umebeba mchanga mwingi kuliko Mississippi inavyoweza kuusukuma. Mchanga unajikusanya mdomoni, maji yanazuilika nyuma yake. Ukipita Lake City, mji unaojivunia kwamba mchezo wa kuteleza majini kwa mbao ukivutwa na mashua ulianzia hapo mwaka 1922, huna safari ndefu kabla ya kuingia Wabasha.

Wabasha ni mji wa watu kama 2,500, na jina lake ni la machifu wa Wadakota, wenyeji wa asili wa huku. Barabara kuu ina majengo ya zamani ya matofali, na ukivuka njia moja tu uko mtoni. Mji mzima unautembea kwa miguu kabla chai haijapoa. Mama aliupenda kabla hatujazima injini, kwa sababu mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani kwake alitupungia mkono. "Hawa wanajua watu," akasema.

Kambini tulichagua kiwanja chenye vyote vitatu: umeme, maji na shimo la maji taka. Kama ni mara yako ya kwanza, na una mtu mzima au watoto wadogo, usikubali pungufu ya hapo. Kambi za serikali, kama ya Frontenac njiani, zina mandhari nzuri kupita kiasi na unaweza kuweka nafasi siku 120 kabla, lakini pale unapata umeme tu kiwanjani, na uchafu unakwenda kuumwaga kituoni pamoja na wenzako. Halafu kuna kibali cha gari cha kulipia. Kuni usizibebe kutoka nyumbani, nunua karibu na kambi, zile zenye kibali. Kuna mdudu wa kijani kutoka Asia anayeua miti ya huku, na anasafiri ndani ya kuni za watu kama sisi.

Umeme una hesabu yake. Plagi ya gari letu ilikuwa ya ampia 30, maana yake wati 3,600 kwa kila kitu. Asubuhi ya kwanza mimi nimewasha birika la umeme, mtoto anapasha maziwa kwenye maikrowevu, na kijoto cha umeme tulichobeba kinaunguruma pembeni. Tap! Giza. Mume wangu alizunguka gari mara tatu akiitafuta swichi, akaikuta nje kwenye nguzo. Kuanzia hapo chai nikaipika kwa gesi, sufuria ya nyumbani, majani, maziwa, iliki na tangawizi, na mlango wazi. Jirani wa kiwanja cha pili alikuja kuuliza ni harufu ya nini. Alikunywa vikombe viwili.

Sasa tangi, maana najua ndilo mnalolingojea.

Chini ya gari kuna matangi mawili ya uchafu, moja la choo na jingine la maji ya kuogea na kuoshea vyombo. Kila moja lina kifungio cha kuvuta, na yote mawili yanatoka kwa mpira mmoja mnene unaouchomeka shimoni. Akili ya kawaida inakwambia: ukishaunganisha, fungua vyote, vijitokee vyenyewe. Usifanye hivyo. Ukiacha la choo wazi, maji yanakimbia na yale mazito yanabaki, yanapandana na kukauka kama kichuguu. Liache limefungwa, tumia maji mengi chooni, lijae angalau nusu, ndipo ulimwage lote kwa kishindo. Na anza na la choo, umalizie na la maji ya sabuni, ili mpira ujisuuze. Glavu za mpira, pakiti nzima. Mama na kopo lake alikuwa msaada bila kujua. Mtu anayetawadha mara tano kwa siku na kutumia maji chooni hawezi kuacha tangi likauke.

Tulichokikuta sisi kilikuwa tofauti. Walipotukabidhi gari walisema tangi ni tupu na safi. Mimi nilibonyeza kile kidude cha kupimia ukutani, taa zikawaka mpaka theluthi mbili. Kijana aliyekuwa akitukabidhi akacheka, akasema vipimo hivyo huwa vinadanganya. Ni kweli vinadanganya, kila mwenye gari la namna hii atakwambia. Lakini siku hiyo havikudanganya. Usiku wa kwanza harufu ilipanda, Mama akafunika pua kwa leso, akasema maneno ambayo sitayaandika. Mume wangu alitoka saa nne usiku na tochi kichwani akamwaga uchafu wa watu tusiowajua. Kwa hiyo nyota mbili nilizowanyima waliotukodisha ni za hapo.

Jambo la pili la usiku ni treni. Reli ya mizigo inapita kandokando ya mto, ndani ya mji, na ng'ambo upande wa Wisconsin kuna reli nyingine. Kila penye barabara inayokatiza, dereva analazimika kupiga honi: mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu. Usiku wa kwanza nilihesabu treni sita kisha nikaacha. Wanangu hawakusikia hata moja. Mama alikuwa macho, na kwenye treni ya tatu nikamsikia gizani akifuatisha kwa mdomo, "Puuu, puuu, pu, puuu." Usiku wa tatu alilala mpaka alfajiri. Mimi nilinunua vizibo vya masikio, dola 4, nawashauri mvibebe kutoka nyumbani.

Wabasha inajulikana kwa tai. Mto unapotoka Ziwa Pepin maji yanakwenda mbio, hayagandi yote hata katika baridi kali, kwa hiyo tai wa kichwa cheupe hukusanyika hapo wakati wa baridi kuvua samaki. Septemba si msimu wake, tuliona wawili tu juu ya mto. Lakini kituo cha taifa cha tai kiko pale ukingoni, na ndani wanaishi tai walioumia wasioweza tena kujitegemea porini. Unakaa nao hatua chache, hakuna kioo kati yenu. Mmoja alimgeukia Mama akamkazia jicho la njano, na Mama naye akamkazia. "Huyu si furukombe?" aliniuliza. Nikamwambia ni binamu yake. Basi yule ndege akafungua mdomo, na ikatoka sauti nyembamba ya kifaranga kilichokanyagwa. Mama aliweka mkono mdomoni. Mtu aliyewahi kumsikia furukombe wa Naivasha akiita asubuhi hawezi kuheshimu sauti ile.

Mfanyakazi alieleza kwamba tai hawa walikaribia kuisha kwa ajili ya dawa ya kuulia wadudu ya DDT, iliyofanya maganda ya mayai yao kuwa membamba, mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 1972. Mwaka 2007 ndipo walipotolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Sasa kinachowaua ni risasi, na siyo kwa kupigwa. Wawindaji wanamwua paa, matumbo yanaachwa porini yakiwa na vipande vya madini hayo, tai anakula na sumu inamwingia. Nilipomtafsiria Mama, neno lilikuwa lilelile kwa mambo yote mawili, ikabidi nianze upya.

Siku ya pili tulifanya kosa letu kubwa. Tulitaka kwenda Alma, ng'ambo, kuona mashua za mizigo zikipita kwenye kilango cha bwawa, yaani chumba cha maji kinachozipandisha na kuzishusha. Ni mwendo wa kama dakika 20. Lakini usafiri wetu ndio nyumba yetu. Tukachomoa umeme, tukafunga maji, tukamwaga matangi, tukakunja turubai, tukaosha vyombo, tukafunga makabati. Dakika 40 zimekwenda. Kwenye daraja la kwenda Nelson kabati moja, ambalo kila mtu aliapa amelifunga, likafunguka, na mahamri niliyokaanga alfajiri yakabiringika mpaka kwenye breki. Tuliyaokota. Tuliyala.

Alma ilistahili taabu hiyo. Mashua moja inasukuma matishari 15 ya mahindi na soya, matatu kwa upana, matano kwa urefu, kitu cha karibu mita 360. Kilango kina mita 183. Kwa hiyo wanalikata kundi vipande viwili, wanapitisha nusu, wanarudi kuunga. Tulisimama kwenye jukwaa la kutazamia kwa muda mrefu kuliko sinema, na mwanangu mdogo akagoma kuondoka mpaka kamba ya mwisho ifungwe.

Nikirudi, na nitarudi, mume wangu ataendesha nyumba na mimi nitafuata nyuma na gari letu dogo. Kuna hata wanaokodisha wakakuletea kambini na kukupangia, wewe unafika na begi lako tu, na kwa familia yenye mzee ningelipa kwa moyo mweupe. Nisingekwenda Aprili, kwa sababu theluji ikiyeyuka mto hupanda mpaka kwenye kambi. Mwaka 2023 ulipanda vibaya sana. Wala nisingechelewa hadi mwisho wa Oktoba, kwani kambi nyingi hufunga maji kabla mabomba hayajaganda. Gari ninalipa nyota tatu kati ya tano. Mji, tano.

Na piga picha za kila kitu kabla hujaondoka nalo, ndani, nje, paa, na hicho kidude cha taa. Siku nne baada ya kurudisha, waliniandikia kwamba wamekata dola 40 kwenye amana kwa sababu tangi la choo halikusafishwa ipasavyo. Niliwatumia picha ya theluthi mbili niliyoipiga mbele ya kijana wao, yeye mwenyewe ameonekana pembeni akicheka. Dola zangu ziliingia kesho yake.