Msimbati au Mikindani, mafuta yakipanda

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikitangaza bei mpya za mafuta, sisi wa Mtwara mjini tunapanga upya Jumapili zetu za ufukweni.

Msimbati ni kama kilomita 45. Gari letu linakula lita moja kwa kilomita 10, hivyo kwenda na kurudi ni lita 9, na hapo bado hujakutana na mchanga. Ukikaribia Ruvula, ufukwe wa hukohuko Msimbati, unapunguza upepo wa matairi, unaingiza gia nzito, injini inanguruma na mshale wa mafuta unashuka huku unauona. Ongeza kiingilio cha hifadhi ya bahari. Lakini maji yale, jamani! Yanawafika watoto magotini, na vidole vya miguu wanavihesabu.

Mikindani ni kilomita 10 hivi, daladala inatosha. Mnakula pweza, mnapita vichochoro vya nyumba za mawe hadi Boma la Mjerumani la mwaka 1895. Kuogelea ndiyo shida: maji yakitoka, linabaki tope.

Kwa bei za sasa nachagua Mikindani. Msimbati tunaiwekea sikukuu, familia mbili gari moja, mafuta tunachangia.