Kliniki ya nyota 4.8 na bili ya 5,750

Mimi ni fundi wa friji hapa Kondele, Kisumu, na hizi nyota za mtandaoni nazijua vizuri. Mteja hunipa tano saa ile ile friji inapoanza kunguruma. Hangoji miezi mitatu aone kama gesi itavuja. Ningelikumbuka hilo Jumapili usiku, leo nisingekuwa naandika haya.

Kijana wangu wa miaka saba alichemka mwili ghafla. Nikafungua ramani kwenye simu kutafuta kliniki isiyofunga. Iliyotokea juu kabisa ilikuwa na nyota 4.8, na watu zaidi ya mia tatu wameisifu. Tukapanda boda.

Niwape haki yao kwanza. Sakafu inang'aa, choo kina maji na sabuni, majibu ya maabara hayakuchukua hata nusu saa. Muuguzi aliupata mshipa wa mtoto mara moja tu, bila kumtesa. Huyo dada namvulia kofia.

Lakini karatasi ya maabara ilisema hakuna vimelea vya malaria, na bado daktari akaandika sindano ya malaria pamoja na dripu. Kijana ameketi kitandani, mkono wa kulia mandazi, wa kushoto dripu inadondoka. Nikauliza. Nikajibiwa, "Huku kwetu, baba, malaria hujificha." Nikanyamaza. Mimi pia nikimwambia mtu kompresa yake imekufa, hunyamaza hivyo hivyo, maana hana cha kunipimia.

Ukutani kulikuwa na leseni ya Baraza la Madaktari, KMPDC, kwenye fremu safi. Bei, hakuna hata moja. Hizo nilikutana nazo kaunta: daktari 500, maabara 1,300, dripu na sindano 2,400, dawa za kwenda nazo 850, halafu kitu kimeandikwa tu "huduma", 700. Huduma gani tena, na nimeshalipia kila kilichomgusa mtoto?

Kando ya kaunta kuna kadi ya plastiki yenye msimbo wa kupiga picha kwa simu. Karani wa kaunta akaishikilia risiti mkononi. "Baba, nisaidie na nyota tano kwanza." Saa saba usiku, mtoto kanilalia begani, ungefanya nini? Nikabonyeza tano. Risiti ikatoka.

Nyumbani nikayasoma yale maoni mia tatu. "Huduma nzuri", "wako safi", "huduma nzuri". Aliyetaja bei sikumwona. Aliyerudi baada ya wiki kusema kama alipona, hayupo.

Binamu yangu anashughulikia bili za hospitali kule Marekani. Nilipomsimulia akacheka, akanikumbusha mambo ya New York mwaka 2007. Kampuni za bima zilikuwa zikiwapanga madaktari kwa madaraja, na Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, Andrew Cuomo, akashuku kwamba daktari "bora" ni yule anayeigharimu bima kidogo. Kampuni ya Cigna na wenzake wakakubali masharti: waseme wazi gharama ina uzito gani kwenye madaraja na ubora una uzito gani, daktari apewe nafasi ya kukata rufaa, na mkaguzi wa nje awe anatoa ripoti kila miezi sita. Kule ilikuwa bima ikijipendelea. Hapa kliniki inajipigia kura yenyewe kwa kidole changu.

Leseni inasema wanaruhusiwa kutibu. Haisemi watanitoza ngapi, wala nani kahesabu zile nyota. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi anacholipia, na sioni kwa nini mgonjwa aachwe nje. Baraza lingeagiza bei zibandikwe pale pale chini ya leseni, na risiti isiuzwe kwa nyota, ningeanza kuiamini ramani.

Jumanne nilizifuta zile tano. Nikaweka mbili, zote za muuguzi na choo, pamoja na picha ya bili. Jioni nikapigiwa simu, sauti tamu kweli: nikiondoa picha, watanirudishia zile 700 za "huduma". Nikamuuliza huduma yenyewe ilikuwa ipi. Akasema atauliza, atanipigia. Leo ni Ijumaa.